Mguu Wenye Majina Matatu

Nyumba yetu ya Isevya ina bati jipya la anwani: ishirini na saba.
Kwenye hati ya kiwanja, anayoilalia shangazi chini ya godoro,
ni mia na kumi na nne, kitalu C.
Na ukishuka stesheni ukauliza njia
utaambiwa: ulizia palipokuwa na mashine ya Msonde,
ingawa mashine ilihamia Urambo kabla sijaota meno.

Haya nayajua tangu utoto.
Sikujua kama ni elimu.

Usiku wa Jumanne nilikuwa na bodi kiganjani,
ndogo kama kiberiti, miguu kumi na mitano kila upande,
na sanduku la mbao, na balbu, na feni niliyoing'oa kwenye kompyuta mfu,
na trei mbili za mayai zikiwa njiani kutoka Cheyo.
Pembeni mwa mguu pameandikwa D1,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Nikaunga hapo waya wa rilei inayowasha balbu.
Kwenye programu nikaandika: moja. Washa.

Balbu haikuwaka.
Na bodi, iliyokuwa ikinisomea joto kila sekunde,
ishirini na sita, ishirini na sita nukta mbili,
ikanyamaza katikati ya neno
kama mtu aliyezibwa mdomo.

Nikabadili balbu. Nikabadili waya.
Nikaipuliza rilei kama wanavyopuliza uji wa mtoto.
Nikahesabu miguu kutoka pembeni, moja, mbili,
nikaigeuza bodi chali, kushoto kukawa kulia,
nikahesabu upya, nikaangukia mguu mwingine kabisa.
Shangazi Nyamizi akapita na ndoo: "Bado unabishana na hicho kidude?"
Nikasema kidude kibovu.
Nikaitukana na Kariakoo kilikotoka.

Simu ikalia. Shigela wa bodaboda.
"Niko mlangoni, ishirini na saba, nimegonga,
katoka mzee na msuli, anasema hajaagiza yai hata moja."
"Umesoma bati au umesoma chaki?"
"Chaki."
"Chaki ni ya watu wa sensa, Shigela.
Wale walihesabu kwa njia waliyopita wao."

Nikabaki na simu sikioni, yeye ameshakata.

Kwa njia waliyopita wao.

Aliyechapa bodi alihesabu kwa njia yake.
Aliyetengeneza chipu, huko ndani, chini ya kile kifuniko cha bati,
alikuwa ameshahesabu kitambo, wala hakumwuliza mtu.
Nikatafuta mchoro, nikaufuata kwa ukucha:
mguu wa pili kwa kuhesabu,
D1 kwa maandishi,
na kwa chipu, tano.
D2 ni nne. D3 ni sifuri. D5, usicheke, ni kumi na nne.
Na moja yenyewe, moja ya kweli,
ndio mguu ambao bodi husemea na kompyuta.
Nilikuwa nimeushika ulimi wake
nikauamuru uwe swichi.

Nikafuta moja. Nikaandika tano.
Rilei ikasema ta!
Sanduku likajaa rangi ya asali,
na Shigela akaingia na trei kifuani,
mayai mawili yamepasuka, bei hataki kupunguza.

Sasa ndani ya mfuniko nimebandika kadibodi,
safu tatu kwa kalamu ya wino mwekundu:
unapokaa, unapoitwa, unachoitikia.
Kila waya ninaounga nausoma mara tatu
kabla ya kuupa umeme.

Limebaki moja tu.
Mguu wa D4 una kitaa cha buluu kwenye bodi yenyewe:
nikikiambia waka, kinazima,
nikikiambia zima, kinawaka.
Shangazi hakushangaa.
Anasema aliwahi kuolewa na mtu wa namna hiyo.